Milioni Mia kwa Kila Mtu

Katika ukoo wetu si vitu vingi ambavyo watu wote hupewa sawa. Mkubwa humiminiwa kahawa kwanza, aliyesoma husikilizwa kuliko asiyesoma, mwenye duka lake Sur akisema neno halipiti hivi hivi, na kijana ambaye bado anatafuta kazi hukaa karibu na mlango. Sisemi kwamba ni vibaya. Adabu hiyo ndiyo iliyotulea, na imetuvusha na mengi. Lakini kwa miaka sasa, kila Agosti inapofika, sisi watu kumi wa ukoo mmoja tunaozungumza Kiswahili, wengine wa hapa Jalan Bani Bu Ali, Oman, na wengine wa Ibra, Nizwa na Maskati, tunakutana na kugawana milioni mia mia. Fedha yenyewe haipo, ni tarakimu tu kwenye daftari. Ila mzee ana mia na kijana ana mia, na hakuna awezaye kumwongezea mwenziwe hata moja.

Mchezo ni fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza. Ule rasmi umekuwapo tangu msimu wa 2002/03, na kanuni zake zinajulikana na kila anayeucheza: unapewa milioni 100, unasajili wachezaji 15, yaani makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu, na hupati ruhusa ya kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Wanachofanya uwanjani mwishoni mwa wiki ndicho kinachokupa pointi. Mshambuliaji akifunga unapata nne, kiungo tano, beki sita. Pasi ya bao ni tatu. Kipa au beki akimaliza mechi bila timu yake kufungwa, nne. Kadi ya njano inakukata moja. Badiliko moja la mchezaji kwa wiki ni la bure, na kila linalozidi akiba yako linakula pointi nne. Mimi ni katibu wa ligi yetu ya nyumbani. Naandika kanuni, nazitunza, na nazisoma kwa sauti pale mabishano yanapopanda. Nilichojifunza katika kazi hiyo kuhusu usawa sikukipata shuleni wala kazini, ndiyo maana nakiandika.

Tulianza na mchezo rasmi kama watu wengine, na kwetu mkoani Sharqiyah ulikuwa na ladha ya peke yake kwa sababu ya mtu mmoja. Ali Al-Habsi ni mtoto wa Mudhaibi, si mbali na Ibra. Aliondoka Oman kwenda Lyn ya Norway mwaka 2003, akafika Bolton Januari 2006, na mwaka 2010 akaenda Wigan kwa mkopo, kisha akasajiliwa moja kwa moja. Wigan ilikuwa timu ya kushambuliwa kila wiki, na hapo ndipo kanuni ilipomfaa: kipa hupata pointi moja kwa kila mipira mitatu anayookoa, na akizuia penalti anapata tano. Kipa wa timu kubwa anasimama tu akiangalia wenzake. Al-Habsi alikuwa kazini dakika zote tisini, na bei yake ilikuwa ya chini. Msimu wa 2010/11 Wigan ilinusurika kushuka siku ya mwisho kabisa kwa kuifunga Stoke 1-0, na yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa msimu wa klabu. Majlisi yetu usiku ule ilikuwa kama harusi.

Kwenye msimamo wa ligi yetu, hata hivyo, hakuna aliyepanda wala aliyeshuka. Wote tulikuwa na Al-Habsi. Angeokoa penalti, kila mmoja angepata tano zake, na tungebaki pale pale tulipokuwa. Mapenzi yetu kwake yalikuwa ya kweli, lakini katika hesabu yalikuwa sifuri. Ndivyo mchezo wa bajeti ya pamoja ulivyo: mchezaji mmoja anaweza kumilikiwa na mamilioni ya watu kwa wakati mmoja, na bei yake huiweka mwenye mchezo. Bei hupanda na kushuka kwa laki moja moja usiku watu wamelala, kufuatana na wanaomnunua na wanaomuuza. Hata faida mchezo haukuachii yote. Ukimnunua mtu kwa 7.0 akapanda hadi 7.5, ukimuuza unarudishiwa 7.2, kwa sababu nusu tu ya kilichoongezeka ndiyo yako na hesabu hupunguzwa kwenda chini. Ni kanuni nzuri kwa umma wa mamilioni. Kwa watu kumi wanaokula sahani moja inachosha, maana mwisho timu zote zinafanana.

Aliyetuonyesha njia nyingine ni mtoto wa ami yangu aliyesoma Marekani. Alitueleza kwamba huko mchezo huu ulikuwapo kabla ya wetu, na ulizaliwa kwenye besiboli. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na rafiki zake walianzisha ligi yao New York, wakaipa jina la mkahawa walimokuwa wakikutana, La Rotisserie Française. Kanuni iliyoenea kutokana na ligi ile ni kwamba kila mwenye timu ana dola 260 za kununulia wachezaji 23, nao wananunuliwa kwa mnada. Mchezaji ni wa mtu mmoja tu. Umemkosa, umemkosa. Kilichonishangaza mimi ni kwamba besiboli yenyewe, ile ya kweli, haina ukomo wa mishahara mpaka leo. Mpira wa kikapu wa NBA uliuweka msimu wa 1984/85, mpira wa Kimarekani mwaka 1994. Wenye klabu za besiboli nao walitaka kuulazimisha mwaka huo huo wa 1994, wachezaji wakagoma mwezi wa Agosti, na fainali za mwaka ule hazikuchezwa. Wamebaki na kodi tu kwa timu inayotumia kupita kiasi. Yaani kanuni ambayo wachezaji wa kweli waliikataa mpaka msimu ukavunjika, mashabiki wao wanajiwekea wenyewe kwa hiari, tena kwa furaha.

Mnada si jambo la kigeni kwetu. Asiyejua aende Nizwa Ijumaa asubuhi kwenye soko la mbuzi. Wenye mbuzi huzunguka nao kwenye duara, wanunuzi wamejipanga pande zote mbili, na bei inatangazwa mtu akiwa anatembea. Anayetaka humsimamisha mwenye mbuzi, anamshika mnyama mgongo, anamfunua meno, anasema bei yake, na duara linaendelea. Hapana anayeulizwa baba yake ni nani. Ndugu yetu wa Nizwa alituambia hatuna haja ya kuwaiga Wamarekani katika hili, na akapendekeza Ami mkubwa wa ukoo awe dalali wetu, asiwe na timu. Pendekezo hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililoiokoa ligi hii kabla haijaanza, kwa kuwa tulimwondoa kwenye mashindano mtu pekee ambaye hakuna kati yetu angethubutu kumpinga, tukampa kazi ya kulinda kanuni.

Mnada wa kwanza tuliufanya Agosti 2013, Ashkhara. Ashkhara ni mji wa pwani katika wilaya hii yetu ya Jalan, na wakati ambao bara kunawaka moto, kule kunavuma upepo wa kusi kutoka baharini mpaka unajifunika shuka usiku. Watu huhamia huko na familia zao. Mwaka ule ulikuwa na neema nyingine: tangu tarehe 1 Mei 2013 Oman ilihamisha mapumziko ya wiki kutoka Alhamisi na Ijumaa kuwa Ijumaa na Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya mpira wa Uingereza. Tulikaa nje kwenye mikeka, tende na kahawa katikati, daftari mapajani mwangu.

Kanuni ya bajeti niliyoiandika siku ile bado ndiyo inayotumika. Kila mmoja ana 100 za wachezaji 15, dau la chini ni moja, na lazima ujaze nafasi zote. Kwa hiyo hakuna anayeweza kutoa 100 zote kwa mtu mmoja. Dau lako la juu kabisa ni fedha uliyobakiwa nayo ukitoa moja kwa kila nafasi itakayobaki wazi baada ya ununuzi huo. Mwanzoni kabisa ni 86. Ukiwa na 40 na nafasi nane tupu, huwezi kupita 33. Wengine waliona ni hesabu ya kitoto. Nikasisitiza iandikwe, na kila mtu awe na karatasi yake ya kuhesabia, kwa sababu nilijua kitakachotokea usiku wa manane: mtu atataja dau ambalo hana, na mwenzake atakuwa ameshaacha. Kwenye mnada dau la uongo linamuumiza aliyejitoa kwa sababu yake, na huyo huwezi kumrudisha nyuma.

Usiku ule nilijifunza kwamba watu wakipewa fedha sawa ndipo tofauti zao zinapoonekana vizuri. Mjomba wetu aliyekulia Mombasa alikuja na jina moja moyoni. Victor Wanyama alikuwa ametoka Celtic kwenda Southampton mwezi uliotangulia, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kila mtu aliyeijua fantasi alijua kwamba kiungo mkabaji hana pointi: hafungi, hatoi pasi za mabao, na njano zinamwandama. Mjomba alimtaka. Vijana wawili wakamjaribu kidogo, akapanda bila kufumba jicho, akampata kwa bei ya mshambuliaji wa maana. Sikuona mtu aliyecheka. Mtu mzima aliyeona taifa lake likifika mahali ambapo halikuwahi kufika alikuwa na haki ya kutoa sehemu ya mia yake kwa ajili hiyo, na kanuni ilimruhusu. Bajeti iliyo sawa haimwambii mtu apende nini. Inachomwambia ni kwamba akipenda sana hapa, kuna mahali pengine atakosa, na Mjomba alimaliza mnada na mabeki wa dau moja moja.

Kwa upande wa pili kulikuwa na mpwa wangu, kijana ambaye wakati ule hakuwa na kazi, yule wa kukaa karibu na mlango. Jina la Luis Suárez lilipotajwa, watu walinyamaza. Alikuwa amefungiwa mechi kumi kwa kumng'ata Ivanović mwezi wa Aprili, sita kati ya hizo zilikuwa bado, na alikuwa akitaka kuondoka Liverpool kwenda Arsenal. Nani aweke fedha kwa mtu ambaye hatacheza mpaka mwisho wa Septemba na huenda asibaki? Mpwa wangu alimchukua kwa bei ambayo wengine walikuwa wakinunulia viungo wa kawaida. Alikuwa ameshahesabu: mechi tano tu za ligi zitampita, zinabaki 33. Suárez alicheza zote 33 na akafunga mabao 31. Kwenye mchezo rasmi alimaliza na pointi 295, na rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka Mohamed Salah alipofika 303 msimu wa 2017/18.

Baada ya msimu ule niliona jambo ambalo nalithamini kuliko kombe. Wajomba walianza kumuuliza mpwa wangu maswali, mwanzo ya mpira, baadaye ya mambo mengine. Alihama taratibu kutoka mlangoni.

Kwenye mnada huo huo ndipo lilipozuka jambo ambalo Wamarekani wa besiboli wanaliona ni ufundi, na sisi tukaliona ni dhambi. Robin van Persie alikuwa amemaliza misimu miwili mfululizo akiwa mfungaji bora, mabao 30 halafu 26, na kila mtu alijua atakuwa ghali kuliko wote. Ndugu mmoja wa Maskati hakumtaka. Alikuwa akipandisha dau makusudi ili ammalize fedha mwenye duka wa Sur. Alipanda, mwenziwe akapanda, akapanda tena. Ami akaweka kikombe chini, akamtazama, akamuuliza: "Mwanangu, huyu unamtaka?" Kijana akasema kwa uaminifu kwamba hamtaki, ni mbinu tu. Ami akasema, "Basi hiyo ni najashi, na imekatazwa sokoni kabla hatujazaliwa mimi na wewe."

Najashi ni kupandisha bei ya kitu usichokusudia kukinunua ili kumghuri mwenzio, na Mtume ameikataza katika hadithi inayojulikana. Tukabishana mpaka usiku sana. Wengine walisema hapa hakuna mauzo, hakuna mali, ni mchezo. Wengine wakasema mazoea ya mchezoni ndiyo unayokwenda nayo sokoni. Nikiwa katibu nilitakiwa niandike kanuni ya kuizuia, na nilishindwa kwa sababu iliyo wazi: kanuni haiwezi kuona nia. Dau la anayetaka na dau la asiyetaka ni tarakimu ile ile. Tungeiandika, tungelazimika kuapishana kila baada ya dakika tano, na mnada ungekuwa mahakama. Nilichoandika mwishoni ni vitu vinavyoonekana kwa macho. Dau linapanda kwa moja moja, harukwi mtu. Dau likishatajwa halirudishwi. Ami akigonga kikombe mara ya tatu, mchezaji ni wako, umtake usimtake. Ile nia tukaiacha kwa mwenyewe na Mola wake. Van Persie alimwangukia mwenye duka kwa fedha nyingi, akaumia umia msimu mzima na kufunga mabao 12 tu, na yule ndugu wa Maskati alimfuata mwenyewe kumtaka radhi, jambo ambalo hakuna kanuni yangu ingeweza kulilazimisha.

Tangu hapo nimekuwa nikigawa mambo ya ligi mafungu mawili, na naona mgawanyo huo unafaa hata kwenye vikao vya mirathi na vya harusi. Kuna yanayoandikika na kuna yanayoachiwa adabu. Tatizo kubwa huja mtu anapotaka kuandika ya adabu, au anapoachia adabu jambo ambalo lingeandikika kwa mstari mmoja.

Idadi ya wachezaji ni la kuandikika. Sisi ni kumi, klabu ni 20. Makipa wawili wawili ni 20, yaani kila kipa namba moja ana mwenyewe, na kipa wako akivunjika kidole hakuna wa kuokota isipokuwa msaidizi wake. Mmoja wetu alipata busara ya kununua msaidizi wa kipa wake kwa moja, wengine tukaiga. Washambuliaji watatu watatu ni 30, na klabu nyingi siku hizi zinaanza na mshambuliaji mmoja. Ukihesabu wanaoanza kila wiki hawafiki 30, kwa hiyo mshambuliaji wa wastani ananunuliwa kwetu kwa fedha ambayo kwenye mchezo rasmi ungeona wazimu. Ndiyo maana namwambia kila anayetaka kuanzisha ligi yake: kabla hujapanga bajeti, hesabu kwanza kilichopo sokoni na wangapi watakigombania. Bajeti haina maana peke yake.

La wachezaji wanaouzwa Januari ndilo tulilochelewa kuliandika. Mwanzoni mwa mwaka 2018 Philippe Coutinho aliuzwa Barcelona katikati ya msimu. Aliyekuwa naye, tena alimnunua kwa fedha nzito, alibaki na jina la mtu asiyekuwapo kwenye ligi. Akadai arudishiwe fedha yake atafute mwingine. Hoja yake ilikuwa na haki ndani yake, na mchezo rasmi ungemruhusu amuuze. Kanuni zetu zilikuwa kimya. Na aliyedai alikuwa mkubwa, mtu ambaye ametusaidia wengi wetu kwa mambo makubwa zaidi ya haya. Vijana waliniangalia mimi, mimi nikamwangalia Ami.

Ami alisema maneno machache. Kwamba anaona huyu bwana amedhulumiwa na bahati, lakini msimu umeshaanza na watu walitoa madau yao wakijua kanuni zilizokuwapo. Pengine mwengine alimwacha Coutinho makusudi kwa kuogopa hilo hilo. Ikibadilishwa leo kwa kumhurumia mmoja, tutawadhulumu tisa waliotahadhari. Kwa hiyo msimu ule hapati kitu, na msimu ujao iandikwe kwamba mchezaji akihama nje ya ligi, mwenyewe hurudishiwa nusu ya alichotoa. Yule mkubwa alikubali. Alinuna wiki moja, halafu akaendelea. Nimewahi kukaa kwenye kamati za watu waliosoma zaidi yetu, kanuni zikabadilishwa katikati ya safari kwa sababu aliyeguswa ni mtu mzito, na sikuwahi kuona kamati kama hiyo ikifika mbali.

Nusu hiyo, pamoja na fedha yoyote uliyobakisha Agosti, ndiyo akiba ya dirisha dogo la usajili la Januari. Thamani yake tuliiona Januari 2020, Mbwana Samatta aliposajiliwa na Aston Villa kutoka Genk. Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu. Kundi letu la simu lilikesha. Wenye asili ya Unguja, na ndio wengi kwetu, maana wazee wetu walirudi huku baada ya 1964 na hasa baada ya 1970 Sultan Qaboos alipofungua milango, kila mmoja alimtaka. Lakini kumtaka ni jambo moja na kuwa na akiba ni jambo lingine. Waliokuwa wamemaliza mia zao Agosti kwa kugombea vidogo vidogo walibaki kuandika salamu. Aliyempata ni binti mmoja wa Ibra, mwalimu, ambaye kila mwaka huacha saba au nane mkononi na kila mwaka tulikuwa tukimwambia fedha ya fantasi haiozi wala haizai, aitumie. Tarehe 1 Februari Samatta alifunga kwa kichwa dhidi ya Bournemouth katika mechi yake ya kwanza ya ligi. Hilo likawa bao lake pekee la ligi kule Villa. Kwa pointi, ununuzi ule haukulipa. Binti yule anasema hakuwahi kununua mchezaji kwa furaha zaidi, na mimi namwamini.

Kuhusu zawadi hatukubishana sana. Kila mtu akitoa kiingilio na mshindi akachukua, hiyo ni kamari, haina jina lingine, na haiingii kwetu. Kuna waliopendekeza wa mwisho awalishe wengine. Ami akasema hiyo ni kamari iliyovaa kanzu. Mwisho wa msimu tunapika pamoja, kila mmoja anachangia sawa, wa kwanza na wa kumi. Mshindi anachopata ni kutajwa kwanza kwenye ukurasa mpya wa daftari, na haki ya kutaja jina la kwanza mnadani.

Mambo mapya yanakuja kila mwaka na inabidi yasomwe kabla ya mnada, si baada yake. Tangu 2024/25 mchezo rasmi unaruhusu kuweka akiba ya mabadiliko matano ya bure, zamani yalikuwa mawili. Msimu wa 2025/26 wameanza kumpa pointi mbili beki anayefikisha matendo kumi ya ulinzi katika mechi, kunyang'anya, kuondosha hatari, kukatiza na kuzuia, na kwa viungo na washambuliaji matendo 12, ikihesabiwa na mipira waliyorudisha mikononi mwa timu. Tuliijadili hapa Jalan, tukapiga kura, ikapita. Mjomba wa Mombasa alinyanyua mikono yote miwili. Kanuni hiyo imekuja Wanyama akiwa ameshaondoka Ligi Kuu tangu 2020, lakini kazi ya mkabaji sasa inahesabika, na Mjomba ananunua wakabaji watatu kila mnada kwa bei ambayo sasa inaeleweka.

Kilicho mezani hivi sasa ni maombi ya wawili wanaotaka kuingia, mmoja wao binti wa dada yangu, ambaye anajua orodha za vikosi kuliko mimi. Wakiingia tutakuwa kumi na wawili. Makipa watahitajika 24 na namba moja wako 20. Washambuliaji watahitajika 36. Nimeandika rasimu: kipa mmoja wa lazima na nafasi ya pili iwe huru, washambuliaji wawili badala ya watatu, viungo sita badala ya watano, na mia ibaki mia. Mwenye duka wa Sur ameshanijibu kwamba anapinga, kwa hoja kwamba nguvu yake siku zote ni washambuliaji. Mpwa wangu anakubali. Ami ameniambia nimletee hesabu hiyo kwa maandishi makubwa, macho yake hayasomi tena simu, na nimemwahidi kuipeleka Ijumaa baada ya sala.